Lightning Greaves kwenye Commander: hesabu kadi zako kabla ya kuiweka

Nimeitumia Lightning Greaves, kadi ya kifaa anachovishwa kiumbe katika mchezo wa kadi wa Magic: The Gathering, kwenye pakiti za kila aina za Commander (mtindo wa kucheza ambapo pakiti hujengwa kumzunguka kiumbe mmoja mkuu, kamanda), na kwangu thamani yake yote imekaa kwenye namba moja: sifuri. Unalipa mana (nishati ya kulipia kadi) 2 za rangi yoyote kuiweka mezani, halafu kumvisha kiumbe hakugharimu kitu. Aliyeivaa anaweza kushambulia, au kutumia uwezo unaodai alazwe ubavu (kadi yake igeuzwe upande), zamu ileile aliyoingia, na hakuna anayeweza kumlenga kwa uchawi wala kwa uwezo wa kadi nyingine. Hakuna anayeweza, na wewe mwenyewe umo.

Kwa kuwa haina rangi, inaingia kwenye pakiti yoyote. Kamanda wa mana 4 anahitaji mana 6 tu ili aingie na kuvishwa zamu moja. Swiftfoot Boots, mpinzani wake wa karibu, inadai mana 7, maana kuivisha ni mana 1. Tofauti inaonekana ndogo hadi kamanda auawe mara mbili na gharama yake ipande kwa 4.

Sifuri ina faida nyingine ambayo wengi hawaitumii. Ukiwa na viumbe watatu walioingia zamu hii, na kila mmoja ana uwezo unaodai alazwe ubavu, mvishe wa kwanza, mlaze, hamishia wa pili, mlaze, kisha wa tatu. Wote wamefanya kazi bila kusubiri. Kwa kushambulia haiwezekani, kwa sababu washambuliaji hutangazwa wote kwa pamoja.

Ila kila unapoihamisha unafungua mlango. Kuvisha ni uwezo unaopita kwenye foleni (stack, mahali uchawi na uwezo husubiri kutekelezwa) kama uwezo mwingine, kwa hiyo mpinzani ana nafasi ya kujibu kabla kamanda hajaivaa, na hapo Swords to Plowshares, uchawi wa kumwondoa kiumbe mmoja, inampata vizuri kabisa. Kama mpinzani ana mana wazi na kamanda tayari ameivaa, iache hapo. Tena kuvisha hufanyika kwenye zamu yako tu, wakati wa awamu kuu, foleni ikiwa tupu. Usitegemee kumwokoa mtu katikati ya mapigano.

Kasoro inayowaumiza wachezaji wengi ni ule ulinzi kumfungia nje mwenye kadi pia. Huwezi kumwekea kamanda Aura (uchawi unaobaki umeshikamana na kiumbe), huwezi kumwongezea nguvu kwa uchawi unaomlenga, na huwezi hata kumvisha upanga, kwa sababu kuvisha nako ni kulenga. Dawa ni mpangilio: vitu vingine vyote kwanza, Greaves mwisho. Kilichokwisha kushikamana naye hakidondoki. Ukikosea, ihamishie kwa kiumbe mwingine, mvishe kamanda anachohitaji, kisha irudishe. Lakini kama kamanda yuko peke yake mezani huna pa kuihamishia, na upanga utabaki chini ukiutazama.

Kwa hiyo kabla ya kuiingiza, pitia kadi zako 99 zilizobaki mbali na kamanda uhesabu zinazomlenga kamanda wako. Zikizidi 8 hivi, mimi nachukua Boots bila kusita, kwa kuwa zenyewe huwazuia wapinzani tu. Zikiwa 3 au 4, Greaves inashinda. Pakiti za Aura zisiiguse kabisa.

Kuna mambo ambayo haizuii, na si kosa la kadi, ni namna mchezo ulivyo. Wrath of God haimlengi mtu, inaua viumbe wote. Uchawi unaokuamuru utoe kiumbe sadaka unakulenga wewe, si kamanda. Cyclonic Rift ya mpinzani ikilipiwa gharama yake kubwa inarudisha mkononi kila kitu asichomiliki yeye mezani, isipokuwa ardhi, bila kulenga chochote. Greaves yenyewe pia haina ulinzi: mpinzani makini huivunja kwanza, kisha anamgeukia aliyekuwa ameivaa. Vandalblast ikilipiwa gharama yake kubwa huvunja vifaa vyote vya wapinzani kwa pamoja.

Mkiwa mnacheza na watu wanaopenda kufagia meza, ongeza Darksteel Plate kando yake. Ni ghali zaidi, mana 3 kuiweka na 2 kuivisha, lakini haiharibiki yenyewe wala aliyeivaa. Kumbuka tu kuivisha Plate kabla ya Greaves.