Nilimeza ashwagandha wiki nane, nikapima kabla na baada

Nina miaka 43, dereva wa daladala ya Mbagala–Kariakoo, naamka saa tisa usiku. Mwaka jana mwili ulikuwa mzito, hamu hakuna, mama watoto keshauliza mara mbili kama nina mtu huko nje. Kijiweni sikumaliza hata kueleza: homoni zimeshuka hizo, tafuta mitishamba.

Nikaanza na unga wa kwenye karatasi, elfu tano, muuzaji anaapa ni mizizi mitupu. Kijiko kimoja kwenye uji. Haikupita saa moja uso unawaka, pua imeziba, kichwa kinagonga, na kazi, sisemi uongo, ilifanyika. Nilipomsimulia daktari akatikisa kichwa. Mizizi haina mbio hizo, alisema. Hapo anahisi wamesagia sildenafili, ile iliyomo kwenye Viagra. Inapanua mishipa ya damu tu, testosteroni, yaani homoni ya kiume, haipandishi. Na mgonjwa wa moyo anayetumia naitreti, dawa za maumivu ya kifua, akiilamba, presha inaweza kushuka mpaka akafa.

Ndipo nikaingia kwenye ashwagandha, mzizi wa tiba asili ya India, vidonge vya chupa yenye lebo kamili. Kwanza nikapima testosteroni: nanogramu 287 kwa desilita ya damu, na maabara wanahesabu kawaida kuanzia 300. Nilichanganyikiwa. Nikameza miligramu 300 asubuhi na jioni, wiki nane bila kuruka. Wiki ya kwanza tumbo lilivurugika nikijaribu kumeza kabla ya kula. Usingizi, hapo naisifu: nilikuwa nalala fofofo.

Nikarudi kupima: 412! Nikamwonyesha yule dada wa maabara kama mtoto mwenye ripoti nzuri ya shule. Akaniuliza, "Kaka, mara ya kwanza ulitolewa damu saa ngapi?" Saa kumi jioni, nikitoka kazini. Safari hii je? Saa mbili asubuhi. Akatabasamu. Testosteroni huwa juu asubuhi na hushuka kadiri siku inavyokwenda, ndiyo maana hupimwa asubuhi, tena siku mbili tofauti, kabla mtu hajaambiwa ana upungufu. Mimi nilikuwa nalinganisha jioni na asubuhi.

Nikaacha vidonge wiki sita, nikapima saa ileile ya asubuhi: 398. Tofauti ya 14, na namba hizi hucheza zaidi ya hapo zenyewe siku hadi siku. Zipo tafiti ndogo zilizoona inapandisha kidogo, sibishi. Lakini wapo walioumia ini kwa ashwagandha, na Denmark waliipiga marufuku 2023. Ukiona mkojo rangi ya chai au macho ya njano, acha siku hiyohiyo uende hospitali.

Kilichonishtua zaidi ni usingizi. Vijana wa kiume waliolala kwa muda wa saa tano tu kila usiku kwa wiki moja, kwenye utafiti wa 2011, testosteroni yao ya mchana ilishuka kwa asilimia 10 hadi 15. Mimi nimelala muda wa saa nne tu kila usiku kwa miaka sita.

Chupa ya pili ipo kabatini, haijafunguliwa. Tajiri amekubali niingie zamu ya mchana kuanzia mwezi ujao.