Mashine ya oksijeni ya lita 5: miezi 20 kwenye kliniki yangu Mombo

Nilipofungua kliniki yangu hapa Mombo, fedha iliyobaki baada ya kodi ya jengo, ada za usajili na ukarabati ilitosha kununua kifaa kimoja kikubwa tu. Karibu kila niliyemwomba ushauri aliniambia nianze na ultrasaundi. Walikuwa na sababu nzuri: wajawazito wapo kila siku, kipimo kinalipiwa papo hapo, na mashine inarudisha gharama yake mapema. Mimi nikanunua mashine ya oksijeni. Ninaandika haya kwa daktari anayejiandaa kufungua cha kwake akiwa na fungu dogo kama nililokuwa nalo.

Yangu ni ya lita 5 kwa dakika, niliinunua mpya kwa shilingi milioni 2 na laki 3. Ni kasha lenye magurudumu, kilo 15 hivi, muuguzi mmoja anaisukuma bila shida. Ndani yake hakuna gesi iliyohifadhiwa. Inavuta hewa ya chumbani, ambayo oksijeni yake ni asilimia 21, inaipitisha kwenye chembechembe za zeoliti, aina ya madini, zinazonasa naitrojeni, na kinachotoka kwenye mrija ni oksijeni ya asilimia 93 hivi. Ukiiwasha, ipe dakika kadhaa ifikie kiwango hicho. Wafundishe wauguzi jambo hili mapema, maana wa kwangu aliizima mara mbili akidhani ni mbovu.

Sababu ya kuitanguliza ni mahali tulipo. Barabara ya kupanda Lushoto inaanzia hapa, na hospitali ya wilaya iko Korogwe, kama kilomita 40. Nimefanya kazi serikalini miaka 11, nimepokea watoto waliosafirishwa na nimonia kali bila oksijeni njia nzima. Wapo ambao dawa tuliwapa, lakini muda ulikuwa umeshapita. Nilijua nikifungua mlango wangu barabarani hapa, wataletwa kwangu kwanza.

Na wakaletwa. Mwezi wa tatu tangu tufungue, saa tatu usiku, mama alishuka na bodaboda kutoka Soni akiwa amembeba mtoto wa miezi minane. Midomo imegeuka rangi, kifua kinabonyea ndani kila akivuta pumzi, hata kulia hawezi. Oksimeta, kifaa cha kidoleni kinachopima oksijeni kwenye damu, ikasoma asilimia 83. Chini ya 90 mtoto anahitaji oksijeni, haina mjadala. Tukamwekea mirija ya puani, lita 1 kwa dakika, tukamchoma dozi ya kwanza ya antibiotiki, ampisilini na gentamaisini. Mama alikuwa anaitazama mashine, si mimi. Akauliza, "Dokta, humo ndani mmeweka dawa gani?" Nikamwambia, "Ni hewa hii hii tunayovuta, mama, imechujwa tu." Baada ya robo saa oksimeta ilisoma 94 na mtoto akalia kwa sauti. Sista aliyekuwa zamu alitoka nje kidogo, akarudi amenawa uso. Tulimpeleka Korogwe na mtungi wa oksijeni ndani ya gari, na wiki iliyofuata mama alikuja kutuonyesha mtoto.

Sasa kasoro. Kubwa kuliko zote ni kwamba haina betri: umeme ukikatika inapiga kelele na oksijeni inakoma hapo hapo. Kwa hiyo mashine hii peke yake haitoshi, lazima uwe na mtungi uliojaa karibu na kitanda, wenye regileta (kidhibiti cha mtiririko wa gesi) iliyokwisha kufungwa. Mtungi mkubwa wa lita 6,800 kwa mtoto anayetumia lita 1 unakwenda zaidi ya siku nne, ila kuujaza ni safari na gari la kukodi. Mashine ndiyo ibebe kazi ya kila siku, mtungi uwe wa akiba.

Ya pili ni vumbi na joto. Mwezi wa tisa kengele ilianza kulia mashine ikiwa inafanya kazi. Fundi wa vifaa tiba alikuja na kipimo chake, akakuta inatoa asilimia 79, wakati kengele yake imetegwa kulia chini ya 82. Kosa lilikuwa letu. Tulikuwa tumeisukumia ukutani kabisa na filta ya nje imejaa vumbi mpaka imebadilika rangi. Siku hizi inakaa angalau sentimita 30 kutoka ukutani, na filta inaoshwa kila Jumamosi kwa maji na sabuni, inakaushwa vizuri kabla ya kurudishwa.

Aliyeniuzia hakunifurahisha. Alinipa mirija ya puani ya watu wazima tu, wakati nilimwambia wazi wagonjwa wangu wengi ni watoto. Hakuniambia pia kwamba udhamini hauhusu uharibifu wa umeme usiotulia. Kabla ya kulipa, dai mirija ya kichanga na ya mtoto, filta za akiba, na mkataba unaosema nani atakuja kuitengeneza na kwa muda gani.

Kuhusu fedha nitasema wazi, hairudishi gharama yake. Inakula wati 350, ikiwaka usiku na mchana ni uniti 8 na kitu, karibu shilingi 3,000 za LUKU. Ninatoza shilingi 10,000 kwa siku, asiye nayo simwachi. Zipo wiki mbili hakuna anayeihitaji. Lakini watu wa huku wamejua kwamba kwa mtoto wa kifua pana pa kukimbilia, na mama aliyeleta mtoto usiku ndiye anayerudi mchana na presha yake mwenyewe. Ultrasaundi nilinunua baada ya miezi 14, kwa fedha ya kliniki, bila mkopo.

Ningeinunua tena hata leo. Tofauti ni moja: stebilaiza ya VA 1,000, kifaa cha kutuliza umeme, ningeichukua siku hiyo hiyo, na mashine isingechomekwa ukutani kabla stebilaiza haijafungwa.