Bel Air ya 1957 kabatini kwangu: uzoefu wa miezi minane

Jirani yangu hapa Columbus, Ohio, mzee mstaafu, ana Chevrolet Bel Air ya 1957, ya kweli, anayoitoa gereji jua likiwaka tu. Siku ya kwanza aliniambia nimwonyeshe mafuta yanajaziwa wapi. Nikaizunguka mara mbili, nikachungulia hadi nyuma ya namba ya gari, nikasalimu amri. Akashika urembo wa kromu kwenye ukingo wa pezi la kushoto, ile sehemu ya bodi ya nyuma iliyoinuka kama pezi la samaki, juu ya taa ya nyuma, akaufungua kama kimlango, na mfuniko wa tenki huo hapo. Tangu siku hiyo nikaitaka gari ile, na kwa mfuko wangu ninayoiweza ni kigari cha mfano cha kipimo cha 1:18, yaani kidogo mara 18 kuliko gari yenyewe.

Niliagiza mtandaoni, dola 85 na usafirishaji humo humo. Mama watoto akaniuliza hiyo ni gari gani isiyobeba hata kilo ya sukari. Sikuwa na jibu.

Gari yenyewe ina urefu wa mita 5 na ushei. Gawa kwa 18 unapata sentimita 28. Nikapima kwa rula, 28 kweli. Ukikishika tu kigari unajua si plastiki: bodi ni aloi ya zinki, nzito, ya baridi. Milango, boneti na buti vinafunguka, na ukizungusha usukani magurudumu ya mbele yanakata kona. Rangi ni feruzi, paa jeupe. Wavu wa mbele ni wa dhahabu, kama inavyotakiwa kwa Bel Air, na kwenye boneti ipo ile V kubwa inayotangaza injini ya V8. Nikafunua nihakikishe: silinda nne kila upande, na waya za plagi nyembamba kama uzi wa kushonea. Hapo nilikaa nikiitazama injini hadi chai ikapoa.

Kasoro sasa. Kioo cha pembeni kilikuwa kimeng'oka, kinagongagonga ndani ya boksi. Muuzaji akataka nirudishe kigari kizima kwa gharama yangu, nikaona bora nigundishe mwenyewe. Msitumie supa gluu karibu na vioo! Mvuke wake unaacha ukungu mweupe, nami dirisha moja nimeshaliharibu. Mlango wa kushoto haukai sawa, upenyo wake unapitisha ukucha. Ule ubamba wa alumini wenye mistari ubavuni nao umepakwa kijivu tu, bapa.

Lakini kilichoniuma ni pezi. Kipande kimoja, hakuna kimlango, hakuna hata mstari wa kuchora. Fundi aliyehangaika na waya za plagi, ambazo huzioni mpaka ufunue boneti, ameacha kitu ambacho mwenye gari hiyo huanza nacho akipata mgeni. Kwa hilo peke yake nimeshusha nyota, ninatoa tatu kati ya tano. Bei ile, ningesamehe kioo, pezi hapana.

Jambo jingine ambalo sikuambiwa: juzi nilipokiinua nikakuta matairi yameanza kunata kwenye kitako cha plastiki. Kile kilainisho kilichomo kwenye matairi hutoka polepole kikala plastiki. Nimekata vipande vya karatasi ya kuokea keki, kimoja chini ya kila tairi. Na kabati nimelihamisha mbali na dirisha, maana jua halina urafiki na rangi.

Pamoja na yote hayo nimeagiza kingine, tena kwa muuzaji tofauti: Cadillac Eldorado ya 1959, ile yenye mapezi marefu na taa mbili mbili kama risasi. Kimefika kizima, vioo vyote mahali pake. Ila sikupiga hesabu. Kwa 1:18 kinakaribia sentimita 32, na rafu yangu ina kina cha 30. Bampa limechungulia nje, na mlango wa kabati haufungi.