Sheria za kuzuia ushawishi wa nje: ya Marekani au ya Georgia?

Huu mjadala hauishi, sheria ipi inalinda nchi vizuri dhidi ya serikali za nje, FARA ya Marekani ya 1938 (sheria ya kusajili mawakala wa nje) au ile ya Georgia, nchi jirani na Urusi na si lile jimbo la Marekani, ya 2024 iliyojaza waandamanaji barabarani kule mji mkuu Tbilisi.

Tuanze na nani anabanwa, maana hapa ndo penye kazi. FARA inauliza nani kakutuma, yaani ukifanya siasa au propaganda kwa maagizo ya mtu wa nje unajiandikisha wizara ya sheria, unapeleka ripoti kila miezi 6, na hata kikaratasi unachogawa lazima kiandikwe wazi kinatoka kwa niaba ya nani. Ya Georgia inaangalia pesa tu, asasi ikipata zaidi ya 20% kutoka nje basi inaandikwa inatumikia maslahi ya dola la nje hata kama hakuna aliyeiamuru kitu. Hilo linaniuma sana, asasi ya kusaidia walemavu inapakwa tope moja na majasusi!

Kwenye usimamizi Georgia inashinda, hesabu ya pesa haina ubishi, wakati kuthibitisha maagizo ya siri ni shughuli pevu na FARA ina misamaha kibao watu wanapenya humo.

Kwa hiyo kama mahakama zenu ziko huru na waendesha mashtaka wanajua kazi, chukueni ya Marekani. Kama mna jirani mkubwa anayemwaga pesa kimya kimya, kigezo cha pesa kina maana, ila hilo jina la kuchafua watu mlitoe.