Hijama ya mgongo na mabega: kagua wembe na kikombe, si rangi ya damu

Tathmini hii ni ya kituo kimoja cha hijama, yaani chuku, tiba ya kubandika vikombe vinavyovuta ngozi, maeneo ya Kariakoo, Dar es Salaam. Huduma niliyochukua ni chuku ya damu, ile ya kupigwa chale, vikombe 7: kimoja kwenye kahil, pale chini ya shingo panapotokeza mfupa, viwili mabegani, na vinne kando ya uti wa mgongo. Naipa nyota 3 kati ya 5. Mkono wa mpigaji ni mzuri, ila maandalizi yao yana kasoro.

Nianze na mkono. Ngozi ilifutwa kwa spiriti, kikombe cha plastiki kikabandikwa, pampu ikavutwa mara 3, kikaachwa dakika 5. Mvuto huu wa kwanza ni mkavu. Kazi yake ni kuileta damu juu na kuipunguzia ngozi hisia. Kisha vikombe vikatolewa, wembe wa upasuaji ukafunguliwa kwenye pakiti mbele yangu, zikapigwa chale fupi za juujuu, na vikombe vikarudishwa. Chale sahihi ni kama mkwaruzo wa paka: damu hujitokeza kwa vitone na kungoja kuvutwa. Ikianza kutiririka kabla kikombe hakijarudi, ujue wembe umezama mno, na hapo ndipo panapotoka makovu. Wenye ngozi inayootesha makovu ya kuvimba, yale yanayokua kupita kidonda chenyewe, wasipigwe chale kabisa. Mabega na mgongo wa juu ni sehemu zinazopenda sana kuota makovu hayo.

Kuhusu pampu, mara 2 au 3 zinatosha. Wako wateja wanaoomba wavutwe zaidi wakiamini ndiyo dawa inaingia. Kinachoingia ni malengelenge, hasa kikombe kikikaa zaidi ya dakika 10.

Sasa ile jeli nyeusi. Kikombe kikitolewa utaonyeshwa bonge zito, jekundu lililoiva, uambiwe ndiyo damu chafu. Damu yoyote iliyotoka mwilini ikakaa dakika kadhaa huganda, na damu iliyotuama chini ya mvuto huwa imeshapungukiwa oksijeni, kwa hiyo ni nyeusi. Mtu mzima mwenye afya tele angetoa bonge lilelile. Sumu za mwili zinashughulikiwa na ini na figo, na hazichagui kukaa mgongoni zikisubiri kikombe. Mpigaji anayekusomea ugonjwa kwa kuangalia jeli, mwache aendelee na jeli yake.

Nyota ya kwanza imekatwa kwa sababu ya vikombe. Wembe ulikuwa mpya, sawa, lakini vikombe vilitoka kwenye beseni, vimesuuzwa. Juu ya kila kikombe kuna vali ndogo, na mtu akikaa vibaya au kikombe kikiinama, damu hupanda hadi humo na kugusa mdomo wa pampu. Humo ndani kitambaa chenye spiriti hakifiki. Virusi vya homa ya ini aina ya B vinaweza kuishi nje ya mwili siku 7 au zaidi, hata kwenye damu iliyokauka. Kwa hiyo dai vikombe vipya, au nunua seti yako na uende nayo, na hakikisha pampu imefutwa kabla haijakugusa. Tazama pia wembe unaishia wapi: uende kwenye kisanduku cha njano cha vitu vyenye ncha kali, si kwenye ndoo ya taka pamoja na pamba.

Nyota ya pili imekwenda na maswali ambayo hayakuulizwa. Hakuna aliyepima presha wala kuuliza dawa. Mtu anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda, kama warfarini au klopidogreli, anaweza kuvuja damu kwa muda mrefu. Mwenye kisukari kisichodhibitiwa kidonda chake huchelewa kupona. Mjamzito, mwenye selimundu na mwenye upungufu wa damu hawafai kupigwa chale. Na bei ni kwa kikombe, jambo linalomfanya mpigaji aone kila mahali panahitaji kikombe. Taja idadi yako kabla hujalala kitandani.

Wengi huambiwa waje na njaa. Mimi nashauri chakula chepesi saa 2 au 3 kabla, na maji, maana mwenye njaa na woga ndiye anayezimia. Kizunguzungu kikianza, vikombe vitolewe, alazwe chali, miguu iinuliwe. Tarehe 17, 19 na 21 za mwezi wa Kiislamu ndizo za sunna, kwa hiyo foleni huwa ndefu na mikono huwa na haraka. Anayezitaka afike asubuhi na mapema.

Baada ya hapo chale zilifunikwa kwa gozi ya kufungia vidonda. Zisiguswe na maji hadi kesho yake, na mizigo mizito ipumzishwe. Miduara inayoachwa na vikombe hufifia ndani ya wiki moja au mbili. Kidonda kikipata joto, wekundu unaotanuka au usaha, nenda hospitali.

Faida? Shingo iliyokaza ililegea kwa siku kadhaa, na hilo ndilo hijama inaloweza kwa kiasi: maumivu ya misuli, kwa muda. Dawa za presha na sukari ziendelee kama kawaida. Kwa shingo pekee, siku nyingine ningeomba chuku kavu, ile iliyomwachia mwogeleaji wa Marekani Michael Phelps miduara mgongoni kwenye Olimpiki ya Rio 2016. Haina wembe, na kikombe chake kimoja hapo kituoni ni nafuu kuliko cha damu. Kabla ya kulipa, ombeni kuona usajili wa Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala, wa mtoa huduma na wa kituo, vyote viwili.