Lenzi ya Canon 50mm f/1.8 STM: mavyaa anaingia, mashemeji wanabaki nje

Sipigi picha kwa pesa. Siku za kazi niko ofisini na makaratasi ya mizigo, jioni na wikendi ndipo kamera inapotoka. Nawapiga watu wa nyumbani kwetu Kibokoni, Mombasa: watoto, mume wangu akiwa na bashasha, mavyaa, na yeyote anayekaa barazani asinifukuze. Anayetaka kujua lenzi hii inafaa vipi arusi za hotelini aulize wengine. Mimi najua inavyofanya kazi ndani ya nyumba ya Mji wa Kale, kuta nene, dirisha dogo, na jirani wa ng'ambo karibu kiasi cha kupokezana chumvi.

Niliinunua mtumba kwa shilingi elfu kumi na mbili, nikaifunga kwenye kamera yangu kuukuu, Canon 700D. Toleo hili lilitoka 2015 kurithi lile la 1990, ambalo hata pete ya kufungia kwenye kamera ilikuwa plastiki. Hii pete yake ni chuma. Mwili wenyewe bado ni plastiki, gramu 160 tu, unaitia mkobani na kanga na chupa ya maji ya mtoto na husikii uzito. Haivuti karibu wala haisogezi mbali. Ukitaka sura kubwa, piga hatua mbele.

Ninachoipendea ni nuru. Lenzi iliyokuja na kamera, ile ya 18-55, ukiivuta mpaka mwisho tundu lake la nuru linafunguka f/5.6 basi (namba ikiwa ndogo, tundu ni kubwa). Hii inafunguka f/1.8, na hesabu yake ni kwamba inapitisha nuru karibu mara kumi. Jikoni kwetu kuna dirisha moja linalotazama uchochoro. Saa kumi na mbili asubuhi, mavyaa anapochoma mahamri, kwa lenzi ile ya zamani nilikuwa na njia mbili: nipandishe ISO, yaani wepesi wa kamera kuhisi nuru, mpaka picha ijae chenga, au niwashe flashi, ambayo inaufanya uso wa mtu mzima ung'ae kama sahani ya bati na kumkasirisha juu yake.

Sasa nakaa kwenye kibao kando ya karai, f/2.2, ISO 1600, shata ikifunguka kwa sekunde 1/160, nangoja. Kuna picha moja ya mikono yake akisukuma donge. Unga umeingia kwenye mikunjo ya vidole. Hina ya Idi imekua na kucha, imebaki kama mwezi mwembamba kwenye ncha. Pete ya fedha ameivua, iko kando ya kopo la iliki, na nyuma yake karai limekuwa ukungu wa rangi ya kahawia tu, huoni makaa wala masizi ya ukutani. Lenzi hii inakubali kulenga kitu kilicho sentimita 35 kutoka kamerani. Ile ya 1990 ilitaka 45, na hizo kumi za tofauti ndizo zinazokutoa kwenye "mwanamke jikoni" na kukufikisha kwenye iliki.

Mwenyewe hakuvutiwa. "Mwanangu, wanipiga picha mikono ya nini, nami sina hata hina ya maana?" Nikamwambia, mama, uso nitaupiga ukishavaa. Alivaa.

Ila usiamini kwamba f/1.8 ni ya kila picha. Mtu akiwa mita moja mbele yako, sehemu inayotoka kali ni kama sentimita tatu: jicho lipo, sikio limeshapotea. Mtu mzima aliyetulia atakuvumilia. Mtoto hatulii. Wanangu nawapiga kwa f/2.8 kuendelea, na kijana akirudi mbio kutoka chuo cha Kurani, kanzu kaikunja mkononi na kofia imeinamia upande mmoja, shata isiwe chini ya 1/500. Lenzi haina kitulizo cha mtikisiko, kwa hivyo hata kwa aliyekaa kimya mimi sishuki chini ya 1/125. Na gizani usiiachie kamera ichague pa kulenga. Weka ile nukta ya katikati kwenye jicho.

Sasa mashemeji. 700D ina sensa ndogo (ile sehemu ya ndani inayopokea picha), kwa hiyo 50mm inaona kama 80mm ya kamera za sensa kubwa. Ukisimama mita tatu kutoka kwa watu, upana unaoingia ni kama mita moja na theluthi. Hao ni watu wazima wawili na mtoto wa kupakata. Idi iliyopita ukoo mzima ulijipanga barazani, kanzu zimepigwa pasi, manukato yanakutangulia. Nikarudi nyuma mpaka mgongo ukagusa ukuta wa jirani, na bado nikawa na mavyaa, mume wangu na nusu ya wifi. Mashemeji wawili wakaanza kupiga makelele kwamba wametengwa. Nikatoa ile 18-55, nikaifungua kwa 18mm, na pale pale upana ukawa zaidi ya mita tatu na nusu, kila mtu akaingia na mlango wa nakshi juu yake. Ukiwa unaishi kwenye vichochoro na pesa yako ni ya lenzi moja tu, hii isiwe ndiyo.

Kuna jambo ambalo watathmini wa ng'ambo hawaligusi, na kwangu mimi ndilo zito. Kwa 50mm huwezi kumwibia mtu picha kutoka mwisho wa mtaa. Uso ukijaza fremu, mko hatua mbili tatu baina yenu, amekuona, na kama hataki atakwambia. Mtaani kwetu kina mama wengi hawataki, wengine wanataka ila picha isitoke nje ya nyumba, na lenzi hii inakulazimisha kwanza usalimie. Muuza kahawa niliyempiga na dele lake la shaba alinitaka niketi, ninywe, ndiyo nipige. (Likoni kwenye feri hilo usilijaribu hata kwa salamu, kupiga picha kule ni marufuku, kamera ibaki mkobani.)

Video siipendi nayo. Mota ya kulenga ni kimya kuliko ya toleo la zamani, lakini maikrofoni ya kamera inaisikia, na mtoto akisoma kaswida utakuta kuna mdudu anakwaruza chini ya sauti. Pete ya kulenga kwa mkono nayo inaendeshwa kwa umeme: kamera ikizimwa, uzungushe utakavyo, haisogei kitu. Na mdomo wa mbele hutokeza inapolenga karibu, basi inunulie kikinga jua chake, ES-68, maana kichochoroni mpira hauna adabu. Kichujio cha kulinda kioo ni cha 49mm.

Adui mkubwa wa lenzi hapa Mombasa ni hewa yetu. Ukitoka chumba chenye AC ukaingia nje, kioo kinatoka jasho papo hapo. Iache ndani ya mkoba kwanza izoee joto. Ukiihifadhi kabatini bila kuitoa, kuvu inaota ndani kwenye vioo. Yangu inalala kwenye bakuli la plastiki lenye kifuniko cha kubana, pamoja na vipakiti vya silika vya kunyonya unyevu nilivyokusanya kwenye maboksi ya viatu.

Kwa ajili hiyo, ukinunua mtumba mjini, usitazame nje tu. Nina jamaa aliyeuziwa moja na duka ambalo silitaji, imefutwa inang'aa, ndani kuna nyuzi kama za buibui. Washa tochi ya simu, ipitishe kutoka nyuma ya lenzi, uchungulie mbele. Kisha ifunge kwenye kamera yako mwenyewe, lenga kidole chako karibu, lenga mlango, rudia kidole. Ikisitasita au ikinguruma, mrudishie. Na wenye kamera mpya za Canon EOS R, hii haiingii bila adapta. Kuna 50mm f/1.8 yao, ya aina ya RF inayoingia kwenye kamera hizo, tangu 2020, anzieni huko.