Simu mpya ya laini mbili mpakani Rusumo: uzoefu wangu

Simu hii niliinunua Kariakoo mwaka huu. Ni Android, laini mbili, bei ya kati. Chapa yake naiacha, kwa kuwa mengi ya haya utayakuta kwenye simu nyingi za namna hii. Chaji inakaa, kamera inatosha kupiga picha ya lakiri ya kontena na namba zikasomeka. Kilichonisumbua ni mtandao, na hilo linategemea sana unaishi wapi. Mimi ni wakala wa forodha Rusumo, wilaya ya Ngara, malori ya Dar yanapovuka mto Kagera kuelekea Kigali. Nafasi ya kwanza nimeweka laini ya Tanzania, ya pili laini ya Rwanda.

Antena yake ni kali, na huku mpakani ukali huo ni balaa. Mnara wa ng'ambo ya mto ukizidi wetu nguvu, laini ya Tanzania inahamia huko kimyakimya. Utaona kiherufi R pembeni ya alama za mtandao: alama zimejaa, intaneti hakuna. Mtu akiona hivyo anakimbilia kwa fundi. Simu ni nzima. Inatoka dukani romingi ya data, yaani intaneti kupitia mtandao wa ugenini (ndiyo hiyo R), ikiwa imezimwa, ndiyo maana haivuti kitu. Ukiiwasha kwa pupa, WhatsApp inafunguka na salio linaondoka nayo, maana bando la kawaida la nyumbani mara nyingi halitumiki ukiwa kwenye mnara wa nchi nyingine. Kila laini ina swichi yake ya romingi, ila simu hii imezificha: mpaka uguse jina la laini yenyewe ndani ya mipangilio ndipo uione.

Wiki nzima hapa haipiti bila dereva kuninyooshea simu yake: "Kaka, hebu niangalizie, bando nimeweka Kahama, hapa halisomi." Ni hilo hilo.

Dawa ni kuzima uchaguzi wa mtandao wa kiotomatiki. Ukizima, simu inaanza kutafuta, na hapo uwe mpole, kwa sababu inachukua muda na intaneti ya laini hiyo inakatika wakati huo. Kisha inaleta orodha. Simu hii haikuandika majina ya mitandao yote. Mingine ilikuja kama tarakimu tupu. Tatu za mwanzo ndizo za nchi: 640 ni Tanzania, 635 ni Rwanda, 642 Burundi. Nikachagua mtandao wangu wa nyumbani, R ikapotea. Hasara yake ni kwamba ukishaifunga hivyo haitoki. Ukivuka kwenda Kigali na laini ya Tanzania bado umeifungia nyumbani, itakuandikia hakuna huduma hata kama mtandao wako una makubaliano ya romingi kule. Kabla ya safari, rudisha kiotomatiki.

Saa ndiyo iliyonichosha zaidi. Rwanda iko nyuma yetu kwa saa moja, na simu inachukua saa kutoka kwenye mtandao. Kengele ya saa 11 alfajiri ikawa inalia saa 12 ya huku kwetu, foleni ya malori imeshajipanga. Ujumbe wa malipo ndani umeandikwa 10:10, simu yenyewe juu yake imeweka 9:10; mteja akikudai uthibitisho wa muda, mnaanza kubishana. Nilidhani kuifungia laini ya Tanzania kwenye mtandao wa nyumbani kungemaliza kazi, kumbe simu hii inasikiliza pia saa ya laini ya Rwanda. Kilichosaidia ni kuzima ukanda wa saa wa kiotomatiki na kuchagua Dar es Salaam kwa mkono. Tangu hapo haijahama.

APN, yaani mpangilio unaoiunganisha laini na intaneti, ilikuwa kazi ndogo. Laini ya Rwanda haikujileta yenyewe, nikaandika jina walilonipa huduma kwa wateja, nikahifadhi, nikaizima simu na kuiwasha. Ukiwa romingi na data imewashwa lakini haivuti, ingia humo humo kwenye APN uangalie itifaki ya romingi. Kuiweka IPv4 (mfumo wa zamani wa anwani za intaneti) peke yake kuna wakati kunafungua, kwa kuwa si mitandao yote inapokea IPv6, ule mpya, kutoka kwa mgeni.

Mafundi wengi wanashauri uingie kwenye ile menyu ya siri uifunge simu kwenye 4G tu ili iwe na kasi. Kama laini yako haina huduma ya kupiga simu kupitia 4G, usithubutu: intaneti itaruka, lakini anayekupigia atakukosa. Kwa kazi yangu, simu isiyopokelewa ni mzigo unaolala mpakani.

Kwa mtu wa Mwanza au Dodoma ningeisifia bila kusita, maana huko antena kali ni faida tupu. Kwa wenzangu wa mipakani, Rusumo, Kabanga na Mutukula, nunueni mkijua kuna kazi ya kupanga. Jambo moja bado linanikera: kila inapopakua sasisho la mfumo, uchaguzi wa mtandao unarudi kiotomatiki bila taarifa, nami naligundua nikiiona R.